Namba ya Kwanza Kutoka Mdomoni

Mashine ya kuhesabia pesa ilikuwa palepale mezani, taa yake ya kijani inawaka, lakini tajiri alisema imeharibika. Nani abishe? Ofisi yake, meza yake, hata lile lundo la noti, mpaka dakika hiyo, lake.

Duka la vifaa vya ujenzi walilianzisha wawili, yeye na mdogo wake, nusu kwa nusu, bila karatasi, maana ndugu ni ndugu. Mdogo akafa. Duka likauzwa. Leo mjane kaja kuchukua nusu ya mumewe, na tajiri kafungua vibunda vyote, kang'oa mipira, kamwaga noti kubwakubwa mezani kama anawamwagia kuku mtama.

"Shemeji, nusu yenu hiyo. Hesabu mwenyewe, usije ukasema nimekudhulumu. Sharti moja tu: namba ya kwanza kutoka mdomoni mwako ndiyo idadi ya noti utakazoondoka nazo. Hakuna kurudia."

"Na nikikataa?"

"Mlango ule pale. Au una mkataba?"

Hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni cherehani, watoto waliorudishwa nyumbani kwa ada, na mwenye nyumba aliyeacha kubisha hodi siku hizi, anaingia tu. Akavuta kiti, akalamba kidole, akaanza kimoyomoyo. Kila zikifika mia anazigonga mezani zikae sawa, anazilaza, mia inayofuata anaipishanisha juu yake.

Tajiri naye hakukaa kimya.

"Shemeji, viatu unavaa namba ngapi?"

Mjane akalamba kidole tena. Keshia aliyesimama mlangoni akacheka. Siku hiyo aliitwa kwa kazi hiyo.

"Watoto wenu wangapi vile? Au tuhesabu wanaofanana na marehemu tu?"

Keshia akacheka mpaka akashika kitasa. Mjane akageuza noti nyingine. Midomo ameibana kama anaposhikilia pini za kushonea, na mtu akimgusa bega anazimeza zote.

Lundo lilipobaki kiganja kimoja, tajiri akatoka, akarudi amemshika mkono mama yake mzazi. Bi mkubwa wa watu, macho yameshafunga ukungu, haoni hata dirisha liko wapi. Akaketishwa karibu na mjane, akampapasa goti.

"Mkwe wangu, ni wewe? Hata salamu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekaa nawaza, akili inanikimbia. Mwanangu yule... alikufa na miaka mingapi?"

Chozi likamteremka shavuni. Mjane akaliangalia lile chozi mpaka likafika kidevuni. Shemeji unaweza kumnyamazia mwaka mzima na usipungukiwe kitu. Mama aliyezika mtoto humnyamazii.

"Arobaini na moja, mama."

Tajiri akapiga makofi. "Arobaini na moja! Keshia, umesikia?"

"Nimesikia, bosi. Wala hakumung'unya."

"Lakini mama kaniuliza!"

"Na wewe ukajibu. Mdomo wa nani?"

Noti arobaini na moja zikatengwa. Zile mia zote zilizopishanishwa vizuri zikakombwa kwa mkono mmoja, zikaingia kwenye mfuko mtupu wa saruji.

Bi mkubwa akajifuta chozi kwa leso. "Nimemshika?"

"Umemshika, mama."

"Si nilikwambia? Huyu ana huruma, hawezi kukaa kimya. Haya, lete yangu."

Tajiri akamtia noti kiganjani. Bi mkubwa akaifinya, akainusa, kisha akageukia upande wa mjane.

"Huyu mwanangu simwamini hata kidogo. Mkwe, hebu nitazamie wewe. Ni ile kubwa?"

Mjane akatazama. Ilikuwa ile ndogo kuliko zote, ya kununulia kiberiti. Tajiri, nyuma ya mama yake, akamkonyeza.

"Kubwa, mama," akasema. "Ifiche vizuri, humu ndani kuna wezi."

Bi mkubwa akaisukumia kifuani, akambariki.