Uzito wa Bihogo

"Bibi Eustadia, mbona leo hujaweka jiwe?"

Aliyeuliza ni Naila, mke wa mwenye duka la vitambaa pale Rubwera, na aliuliza kama mtu anayejua. Yeye mwenyewe alikulia juu ya pembea lile la kuzunguka. Kila Idi baba yake alimleta, na kila Idi aligombania kiti kilekile: Bihogo, ng'ombe mwekundu wa mbao mwenye pembe ndefu kuliko mikono ya mtoto. Wengine walipenda korongo, wengine pundamilia aliyechorwa mistari ya kubahatisha. Wanyama walikuwa wanane, kila mmoja kwenye ncha ya boriti yake, na boriti zote zilizunguka ekseli ya trekta bovu.

Kiti kikibaki kitupu huwekwa jiwe, la sivyo upande ule unapanda, wa pili unashuka, na ekseli inalia mpaka watoto wanaziba masikio. Zamani jiwe halikuwapo. Novatus, mumewe Eustadia, aliyelichonga pembea lote kwa mikono yake, alijipachika mwenyewe palipopungua, mzee mzima, magoti yakigusa kidevu, watoto wakimcheka mpaka basi. Sasa alikuwa amelazwa kaburini, shambani nyuma ya migomba, na huu ulikuwa mwezi wa tano.

Leo watoto walikuwa saba. Bihogo hakuwa na mtu, jiwe lilikuwa chini kwenye nyasi, na boriti zimekaa sawa kabisa.

"Leo halihitajiki," Eustadia alijibu, akageuza uso.

Alilijua jambo hilo tangu asubuhi, alipolisukuma pembea mara ya kwanza na viganja vikamwambia kwamba kuna mtu. Hakumwambia yeyote. Angeanzia wapi? Aliogopa, tusifichane. Lakini chini ya hofu ile kulikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyomtisha zaidi.

Kando alisimama mwanawe Dastan, aliyefika kutoka Kayanga na lori la kuazima, spana mkononi. Si mtoto mbaya. Krismasi iliyopita mama yake alianguka akisukuma, akalala wiki mbili, na tangu hapo Dastan hana usingizi. Wakapatana.

"Watoto wanane, Mama," alimkumbusha. "Ukilizungusha likiwa limejaa, naliacha na wewe unabaki. Ukishindwa nafungua nati leo hii, tunakwenda wote Kayanga."

"Nimesikia, baba. Mimi si kiziwi."

Huko Kayanga Dastan alikuwa na chumba kizuri, chenye kitanda na taa. Kaburi ndilo lisingekuwa na mtu wa kulipalilia.

Ikram, binti wa Naila wa miaka mitano, alikuwa ameshachomoka mkononi mwa mama yake, gauni la Idi likiburura. "Mimi nataka Bihogo!"

"Haya, wa nane huyo," alisema Dastan.

Naila akamwinua mtoto, akamketisha. Papo hapo boriti ikaporomoka kwa kishindo, kama gunia la kahawa limetupwa juu yake. Ekseli ikalia. Korongo wa upande wa pili akapaa na mtoto wake, na Naila akamkumbatia Ikram asidondoke.

"Ana uzito gani huyu?" Dastan alishangaa. "Mama, achana nalo. Limeoza."

Eustadia aliinama kwenye sikio la Bihogo, ukungu ukimlowesha kitambaa cha kichwa.

"Novatus," alinong'ona, "teremka. Mpishe mtoto."

Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha boriti ikapanda polepole, ikatulia sawa na nyingine. Eustadia akafuta macho kwa ncha ya khanga. Miezi mitano alimlilia arudi, na siku aliyorudi amemwondoa mwenyewe. Iliuma kama msiba wa pili.

Pembea lina miti miwili ya kusukumia, inayotazamana. Alishika wake, akaegemea. Halikutikisika. Akaegemea tena, na kwa pembeni akamwona Dastan akipiga hatua na spana yake.

Ndipo mti ukawa mwepesi.

Pembea likaenda. Mzunguko mmoja, wa pili, wa tano, watoto wakipiga vigelegele, Eustadia akikimbia hatua fupifupi nyuma ya mti wake, maana sasa ni mti uliomvuta. Mzunguko wa kumi likapunguza mwendo lenyewe, likasimama Bihogo akiwa mkabala wa kingazi cha kupandia, kwa upole, bila mtikisiko.

"Tena!" alipiga kelele Ikram.

Dastan hakucheka. Alizunguka mpaka upande wa pili, kwenye mti wa baba yake, ambao tangu msiba haukushikwa na mtu. Siku ilikuwa ya baridi, kila kitu kimelowa umande. Akauwekea kiganja, akakitoa haraka, akakipangusa kwenye suruali. Akauwekea tena, na safari hii hakukitoa.

"Una joto," alisema taratibu.

Mama yake akatikisa kichwa kukubali.

Dastan aliingiza spana mfukoni. Akavua kofia.

"Shikamoo, tata," alimwamkia baba yake.

Eustadia hakuitikia. Salamu haikuwa yake. Walisimama wote wawili, watoto wakiwa juu ya wanyama wao, wakasubiri.