E Tatu za Mama Mukwe

Kiingereza ni lugha yenye ulafi. Nasema hivyo kwa sababu niliihesabia herufi moja moja, mwaka 2002, hapa Kindu, na tumbo tupu.

Kazi yangu ni kukata herufi za bati na kuzipigilia misumari, juu ya maduka na juu ya misalaba ya makaburi. Mabango ya Kifaransa yalikuwa ya serikali, na serikali ina watu wake. Wateja wangu njo hawa wa mjini: Duka Salama, Sharifa na Wana, Baraka ya Rachida. Basi nilikata A mpaka vidole vikatoka malengelenge. Nilikuwa na kasha zima la A, na nilijiona fundi mwenye akili.

Vita ikafika. Mashambani hakuendeki, sokoni iko sombe tu, majani ya muhogo, bila chumvi, watoto wetu watatu wanalala mchana ili wasisikie njaa. Ndipo wageni wa shirika moja la msaada wakaniletea karatasi ya Kiingereza. Walitaka bango la herufi za bati kwa ghala lao, liwe tayari kesho asubuhi, malipo magunia mawili ya unga. Nikakaa chini kuhesabu. A tano, E kumi na nne. Jamani, nani anaongea hivyo? E nilikuwa nazo kumi na moja tu, na bati la kukata nyingine halikuwepo, askari walishabeba hata mapaa.

Nilizunguka mji mzima kichwani nikitafuta E tatu. Nikazipata. Mama mukwe wangu, marehemu Jeannette, nilimkatia jina mimi mwenyewe kwenye msalaba wake, na lina E tatu. Saa sita mchana, watu wakiwa kwenye foleni ya maji, nilienda makaburini na koleo ya kung'olea misumari. Nilimwomba radhi, kweli. Akiwa hai mama yule hakunipa hata kiti. Siku hiyo alinipa herufi tatu bila kununa.

Tulikula unga ule mwezi mzima. Nathalie, mkubwa wetu, akaacha kuvimba miguu.

Lakini kila tarehe moja ya mwezi wa nane, siku ya wazazi, watu wanapoenda kufyeka makaburi, mimi nilishikwa na malaria. Miaka ishirini na miwili ya malaria. Adolphine, mke wangu, anaenda peke yake na panga, mimi nabaki kitandani natetemeka kweli, kwa woga. Akijua nimemwibia mama yake, ataniacha. Jioni anarudi, anapika, hasemi kitu. Nikajidanganya kwamba majani yamefunika msalaba.

Mwaka huu nilichoka. Nilikata E tatu mpya, nikamfuata. Kaburi lilikuwa limefyekwa safi, na msalaba unasomeka kutoka barabarani: J ANN TT. Nikapiga magoti, nikamwambia yote.

Hakushituka. Alisema alijua toka wiki ile ile.

“Na ukanyamaza?”

“Ningesema, ingebidi nikatae ule unga, Baba Nathalie. Na mimi nilikuwa na njaa.”

Akazipokea zile E, akazipangusa kwa kitenge, akanipa nyundo. Nikazipigilia, machozi yananitoka.

“Haya,” akasema, “sasa tumeshiba.”

Akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaanza kunitukana mbele ya watu wote na marehemu wao, miaka ishirini na miwili yote, mwaka mmoja mmoja.