Mizunguko ya Nati

Gia ya pili ndiyo iliyoanza ukorofi. Kila baba alipoitia, gari lilisaga meno mpaka vijiko vikacheza kwenye droo, maana gari lile lilikuwa na droo, na jiko la gesi, na sinki, na kitanda cha watu wawili chenye pazia alilolishona mama. Baba alipostaafu udereva wa malori, wazee hao wawili waliuza kila walichokuwa nacho, wakanunua hilo gari kuukuu la kulala safarini, wakalifanya nyumba. Watu waliwacheka sana. Wao hawakuwa na habari. Leo walikuwa huku, kesho kule.

Kwa hiyo gia zilipoanza kugoma, halikuwa jambo dogo. Giaboksi ya aina ile haikuwa ikitengenezwa tena popote. Ikifa, gari lingeishia kuwa banda la kuku, na baba angewekwa kitini chumbani kwa binti yake, atazame ukuta. Alishasema waziwazi kwamba afadhali wamzike.

Bahati nzuri, au mtu adhani hivyo, binti yao alikuwa fundi wa giaboksi, tena hodari. Gereji nzima walimwita Sikio. Alikuwa na utaratibu wake: hagusi boneti mpaka aketi kiti cha abiria, mwenye gari aendeshe, wazunguke mtaa mzima, yeye kimya, akisikiliza na kutazama. Wateja wenye haraka walinuna. Aliwaacha wanune.

Kwa baba yake hakufanya hivyo. Aanzeje kumkalia ubavuni kama mtahini, mtu aliyemfundisha yeye kushika spana na usukani? Baba akisema gia inagoma, inagoma.

"Ya pili inanikwaruzia, mwanangu," baba alisema siku ya kwanza.

"Na rivasi?"

"Rivasi usiniulize. Majirani wanatoka nje."

Sikio alipanda mwenyewe, akakanyaga klachi, akatia gia zote moja baada ya nyingine. Ziliingia kimya, bila ubishi. Mtu mwingine angeambiwa arudi nyumbani akalale. Lakini huyu ni baba. Akaingia chini ya gari na kukaza nati ya kebo ya klachi mizunguko miwili, ili klachi iachie mapema, hata pedali isipofika chini kabisa. Baba akazunguka ua wa gereji mara moja, akarudi anatabasamu.

"Mikono hiyo, mama yako alizaa!" akasema.

Miezi miwili baadaye wakarudi. Ugonjwa uleule. Sikio akakaza mizunguko miwili mingine. Mara ya tatu akabadilisha oili na bushi za mkono wa gia, na kwa kuwa alikuwa chini, akakaza tena. Mara ya nne aliweka kebo mpya na kuikaza mpaka nati ikakaribia kumaliza uzi wake. Pedali sasa ilikuwa nyepesi kupita kiasi, ukiikanyaga nusu tu klachi imeachia. Na kila mara alipolijaribu yeye, gari halikuwa na tatizo lolote, na kila mara alijiambia kwamba ni kwa sababu ameshalitengeneza.

Mara ya tano, mwezi wa nane tangu waanze, aliishusha giaboksi yote chini. Siku mbili wazee walilala chumbani kwake, mama akilalamika kwamba kitanda kisichoenda popote kinamuumiza kiuno. Sikio alifungua, akamwaga oili, akapitisha sumaku ndani yake. Hakukuwa na hata punje ya chuma. Meno ya gia yalikuwa mazima, ringi zinazozilainisha gia zikiingia zilikuwa nzima. Alikaa juu ya tairi na ringi mkononi, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Angeliona jino limevunjika angeshukuru.

Akarudisha kila kitu mahali pake, akanawa mikono, akaenda kwa baba.

"Baba, twende tukazunguke. Wewe endesha."

"Leo umenifanya mteja?"

"Leo tu, baba. Nivumilie."

Mama alijilaza kitandani nyuma, wakatoka. Ya kwanza iliingia kwa kukoroma. Ya pili ikapiga kelele hasa. Sikio hakusikiliza tena gia. Alikuwa anatazama chini, kwenye mguu wa kushoto wa baba yake. Mguu ule ulinyanyuliwa kutoka kwenye paja, kama mzigo, ukaangukia pedali pembeni, ukaisukuma robo, ukaishia hapo. Baba alikaza uso kwa nguvu zote. Pedali nyepesi kuliko zote mjini, naye hakuweza kuifikisha hata nusu.

"Baba, kanyaga mpaka chini."

"Si nimekanyaga?"

Alikuwa anasema kweli, kama alivyojua yeye. Kandambili ilikuwa imemtoka, iko chini ya kiti, na mguu mtupu uko juu ya pedali.

"Kandambili yako iko wapi?"

"Si nimeivaa."

Mama alicheka huko nyuma. "Huyo! Kila siku inamtoroka hana habari. Anatembelea mguu mmoja mtupu mpaka nimwambie. Nimeshamwambia uzee umemwingilia miguuni."

Sikio alimwomba asimamishe gari. Akainama, akamfinya kidole gumba cha mguu kwa ukucha, kwa nguvu, kama mtu mwenye hasira. Baba alikuwa anatazama barabara. Hakugeuka.

Kesho yake asubuhi walikuwa hospitali, baba akiwa ameng'ang'ania kuendesha mwenyewe. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aligongagonga goti, akachoma nyayo kwa sindano, akaagiza picha za mgongo, kisha akauliza, "Mguu umeanza kulegea lini, mzee?"

"Juzijuzi tu. Wiki mbili hivi."

Daktari akaanza kuandika.

"Si kweli, daktari," Sikio akasema. "Miezi minane."

"Umejuaje?"

Akaeleza, na alipokuwa akieleza ndipo alipoelewa vizuri. Mwezi wa kwanza, mizunguko miwili. Wa tatu, miwili. Wa tano, mitatu. Wa saba, nati ikafika mwisho wa uzi. Hakuna mgonjwa hospitali ile aliyekuwa na ugonjwa uliopimwa kwa usahihi kama ule. Mguu ulipopungua nguvu, yeye alipunguza kazi ya mguu. Aliufuata hatua kwa hatua akiufichia siri, na akasifiwa kwa hilo.

Daktari aliacha kuandika. "Kuna uvimbe unabana mishipa ya fahamu mgongoni," akasema. "Tutaupasua, ili mguu wa kulia usiende njia hiyohiyo. Huu wa kushoto hautarudi. Mngekuja ile miezi ya mwanzo, mzee, ungekuwa unaendesha."

Baba aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa njia. Mama alimshika mkono wa shati. Sikio alijichukia, na hakujua aiweke wapi ile mikono yake.

Wakarudi na gari lao. Baba alipanda upande wa abiria, kwa mara ya kwanza tangu alinunue. Aliunyanyua mguu wake kwa mikono miwili, akauingiza, akafunga mlango. Sikio akawasha, akatia ya kwanza, akatia ya pili. Hata mlio hapana.

Baba aliinamisha kichwa kusikiliza. Akamgeukia mama huko nyuma. "Umeisikia hiyo? Nilikwambia mtoto ataipata."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nisiseme nini? Sikiliza mwenyewe, mwanangu. Imelainika kabisa."

Sikio akatia ya tatu, nayo ikaingia kimya. Alikuwa analia waziwazi, machozi yanamzibia barabara, na baba yake, ambaye hakuwahi kujua namna nyingine ya kumbembeleza mtu, akazidi kuisifia kazi yake njia nzima.