Herufi F kwenye Koki

Dative alikulia nyuma ya ng'ombe huko Kalengera, kwa hiyo kazi ya kumwagilia majani yasiyoliwa na mnyama yeyote bado ilimchekesha. Hata hivyo aliishika kwa mikono miwili. Mama Charline, mfanyabiashara wa Butembo mwenye nyumba hiyo ya Goma, alimwahidi chumba cha uani: bustani ikiwa ya kijani Jumamosi, siku ya mahari ya binti yake, Dative angemtoa mama yake kwenye hema la Munigi, alikokuwa akikohoa vumbi tangu vita viwafukuze nyumbani.

Na leo Alhamisi, upande wa chini wa bustani ulikuwa umekauka kabisa.

"Bomba imepasuka," alisema Kasereka, fundi wa maji, bila hata kuinama. "Hapa ni juu ya mawe ya volkano, mama. Mayi inazama, hauwezi ona hata tope. Tuchimbe fasi yote."

"Siku ngapi?" Mama Charline aliuliza.

"Tatu, ine."

"Basi majani ikufe," Mama Charline alifoka. "Na kazi ya majani nayo iishe."

Dative alikiona chumba cha uani kikimponyoka. Lakini kuna jambo lililomwasha kuliko woga: maji yanakwenda wapi?

"Mama, munipatie saa moja tu."

Alifungua kichwa kimoja cha kunyunyizia, akachokonoa matundu yake kwa mwiba. Yalikuwa safi. Akachukua kikombe cha bati, akakifudikiza ardhini na kubandika sikio. Upande wa juu maji yalivuma. Upande wa chini, kimya. Akakuna kichwa. Bomba lililopasuka si lingepiga kelele kuliko yote? Basi maji hayakuwa yakivuja, hayakuwa yakiingia hata kidogo! Akarudi nyuma taratibu, kikombe, sikio, kikombe, sikio.

"Unatafuta fuko?" Kasereka alimcheka.

Sauti ilikatikia kwenye shimo dogo lenye mfuniko wa bati. Ndani mlikuwa na koki ya chuma. Mshale wake ulielekea F. Upande wa pili paliandikwa O.

Dative aliijua. Siku yake ya kwanza, wiki mbili zilizopita, aliisugua kutu, akakuta mshale kwenye O, akausogeza mwenyewe.

Kasereka alikuwa amempa mgongo, anaongea na simu. Angeweza kuizungusha kimya kimya, kisha asifiwe. Aibu ilimchoma masikio, lakini akaita.

"Mama, ni mimi niliharibisha. Nilijua F ni fungua."

Kasereka akaangua kicheko. "Ni kifaransa! F ni fermé, O ni ouvert!"

Mama Charline hakucheka. "Na hata mu Kiswahili, Dative, funga nayo haianze na F?"

Kweli, neno hilo halikumjia hata mara moja.

"Mama yangu alifunga nyumba ya Kalengera na kufuli," alisema. "Ufunguo anavaa ku shingo. Kila asubuyi ananiulizaka, tutafungua lini? Ile F, niliona fungua tu."

Mama Charline akachomoa ufunguo wa chumba cha uani kwenye kishada chake cha funguo, akamkabidhi.

"Zungusha hiyo kintu ku O," alisema. "Kisha uende Munigi, ulete mama. Umwambie atafungua ya hapa kwanza."