Feni Iliyokuwa Ikinguruma

Kompyuta ya mzee mfasiri ilizeeka ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga, hata yeye na mkewe, fundi cherehani, wakazoea kuongea kwa kupayuka. Asubuhi moja mkewe akaizima, akachomoa waya wa umeme, akafungua kifuniko cha pembeni. Feni ilikuwa imejaa vumbi na manyoya ya paka.

"Masikini, kumbe ilikuwa inakabwa!"

Akaisugua taratibu kwa brashi, akaitia tone la mafuta ya cherehani, kisha akarudisha waya na kuiwasha kompyuta. Feni ikazunguka kimya.

"Ahsante, mke wangu!" mzee akapayuka.

"Baba watoto, mbona unanipasua masikio? Si niko hapa hapa ubavuni pako?"

Mzee akacheka, akainama, akamnong'oneza ahsante nyingine. Mkewe akajifanya hajasikia, ili airudie.