Kondoo Wasiopewa Dawa

Dakta Phoebe Ayuma alikuwa maabarani Kakamega, lakini roho yake ilikuwa Matungu, kwa Mama Swafia. Aliketi, akasimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Una nini leo?" akauliza Joash, mtafiti mwenzake.

"Wale kondoo wasiopewa dawa. Kope zao kwa ndani zimekuwa nyeupe, damu inawaishia. Jike mkubwa amevimba chini ya taya."

"Lazima wengine wakose dawa, Phoebe. Tutajuaje basi kama inafanya kazi?"

Tangu mvua za mwaka huo wa 1996 zianze, walikuwa wakichunguza minyoo wanaofyonza damu tumboni mwa kondoo. Wafugaji walikubali nusu ya kondoo wao wanyweshwe dawa na nusu wasinyweshwe. Mama Swafia, mjane, ndiye aliyekubali kwanza, akawashawishi na majirani.

Phoebe hakubishana. Alichukua chupa ya dawa, akawasha pikipiki, akaenda Matungu.

"Asalaam aleikum, Mama Swafia."

"Waleikum salaam, Daktari. Umekuja wakati mzuri. Huyu mkubwa nataka kumchinja kabla hajanifia."

"Usimchinje. Nawapa dawa wote sasa hivi, na nyama yake haitafaa kuliwa kwa siku kadhaa. Subiri, atapona."

Mama Swafia alimshika jike kichwa, Phoebe akamnywesha, kisha na wenzake. Kabla ya kuondoka alikusanya kinyesi cha wale waliokuwa wakipewa dawa tangu mwanzo wa utafiti. Utafiti ulikuwa umeharibika kwa mkono wake mwenyewe, na bado hakupata utulivu aliokuwa akiutafuta.

Jioni ile aliweka kile kinyesi chini ya darubini. Mayai ya minyoo yalikuwa yamejaa. Akabadilisha kioo. Mayai tena. Akamwita Joash, naye akatazama, akayahesabu.

"Dawa haiwaui," Phoebe alisema. "Minyoo wa kule wameshaizoea. Na mimi nimemwambia mama wa watu asubiri."

Joash alifungua friji, akamtolea dawa ya aina nyingine.

Asubuhi na mapema Phoebe alikuwa Matungu. Jike mkubwa alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiko, amefunikwa gunia.

"Amekufa alfajiri," Mama Swafia alisema. "Sasa ni mzoga, sisi hatuli. Uliniambia nisimchinje."

"Nilikuambia. Jana jioni ndipo nikagundua ile dawa haiui minyoo; nimeleta nyingine."

"Ulijua dawa ni mbovu?"

"Hiyo sikujua. Lakini kwamba hawa wanazidi kuumwa, nilijua tangu wiki kadhaa zilizopita, nikanyamaza."

Mama Swafia aliinamisha uso. Kisha akafunga leso kiunoni, akamkamata kondoo wa karibu, akampanua mdomo.

"Leta hiyo nyingine."

Waliwanywesha wote. Walipomaliza, mama alisema, "Nitabaki kwenye kazi yako, Daktari. Lakini mnyama wangu akiumwa anatibiwa, na unaniambia siku hiyohiyo."

"Nimekubali."

"Na majirani uwaambie wewe mwenyewe. Mimi nitakaa kando yako, nisikie unavyosema."

Walikwenda boma kwa boma mpaka adhuhuri. Wengine walimfokea, mmoja akamfungia lango. Wiki iliyofuata kondoo wa Mama Swafia walianza kupata wekundu kwenye kope, na Joash akaanza kupanga utafiti upya. Phoebe alifurahi, ila kila alipopita Matungu alisimamisha pikipiki, akaingia, akawapindua kondoo kope, mmoja mmoja.