Mboga za Kuongeza Damu

Katika yote yaliyosemwa siku ile Zakiya aliporuhusiwa kutoka hospitali, Nasser alishika maneno mawili tu: kupunguza damu. Mengine yalimpita. Mkewe alikuwa amepasuliwa kifua, akatiwa kilango cha chuma moyoni mahali pa kile kilichochakaa, na sasa kulikuwa na kidonge cha kumeza kila jioni hadi mwisho wa umri wake. Kidonge cha kupunguza damu.

Nasser aliutwaa mfuko wa dawa, akaondoka na hofu. Mtu hupunguziwaje damu, na ndiyo kwanza atoke kwenye kisu? Yeye alizaliwa Kibokoni akazeekea Kibokoni, na kazi yake yote alifanya bandarini Kilindini. Amezika watu wengi. Katika wote hao hakumjua hata mmoja aliyekufa kwa damu kumzidi. Aliowajua ni waliopungukiwa. Mamake mzazi alikwenda hivyo, baada ya kujifungua kitindamimba, kucha zake nyeupe kama punje za mchele.

"Kama wao wapunguza," alijiambia akipanda ngazi za nyumbani nyuma ya mkewe, taratibu, "basi mimi nitaongeza." Zakiya hatamfia mkononi, hilo aliliapia.

Kwao sokoni huenda mwanamume. Asubuhi yake Nasser alichukua kikapu akashika njia ya Marikiti, akayapita mafungu ya nyanya na vitunguu, akaenda moja kwa moja kwa Kadzo, mama wa Kigiriama aliyeuza majani matupu, hana kingine.

"Sabalkheri, Kadzo."

"Sabalkheri, ami. Bibi aendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Nipe mboga ya damu."

Kadzo akacheka. "Umepotea, ami. Bucha liko upande ule."

"Usinitanie, mwanangu. Najua zote ni mboga, lakini hazilingani. Nataka itakayozishinda zenziwe."

Hapo Kadzo akaacha kucheka, maana alikuwa ameulizwa jambo alipendalo. Akaanza kumpandisha, jani kwa jani. Sukuma wiki si mbaya, ila imetoka bara kwa lori, imefika hapa imechoka kama abiria. Mchicha ni wa watu wote, mwema, hauna maneno, na ule mwekundu ni mwema zaidi. Majani ya kunde yana nguvu kuliko mchicha. Kisamvu kina nguvu kuliko kunde, lakini chataka kutwangwa, na nani siku hizi ana mkono wa kutwanga? Kisha mnavu. Na juu ya wote, mchunga.

"Mchungu, lakini kwetu mzazi akitokwa na damu hapewi kingine."

"Na kabeji?"

"Kabeji?" Kadzo alilitazama lile fungu la jirani yake kwa dharau. "Kabeji ni maji yaliyokunjwa, ami. Hiyo wape wageni usiotaka warudi."

Nasser alirudi na kikapu kimefura. Hakuwa mtu wa kuamini neno la mmoja. Alichemsha kila jani peke yake akatazama maji yake. Ya mchunga yalitoka kijani kizito karibu na weusi. Ya mchicha mwekundu yalitoka mekundu, naye akayainua kwenye bilauri mbele ya dirisha, akatabasamu. Ushahidi gani tena autake?

"Kunywa," alimwambia mkewe.

"Nini hii?"

"Damu."

"Audhubillahi! Baba Amin, umekuwa jini?"

"Ya mboga, bibi. Kunywa."

Akanywa, akakunja uso. Mchana akaletewa mchunga, jioni mnavu, na kesho yake kisamvu cha nazi ambacho Nasser alikitwanga mwenyewe, mzee mzima na kinu uani, wanawake wa jirani wakimchungulia na kumcheka. Zakiya naye hakuacha kumpiga vijembe.

"Waniona mbuzi wewe. Mwisho utanifunga kamba."

"Kula. Uchungu ni dawa."

"Dawa ninayo, naimeza jioni."

"Hiyo yatoa. Hii yatia."

Na kweli, alipendeza. Mashavu yakajaa, ngazi akazipanda bila kusimama njiani kupumua. Kile kilango cha chuma ndicho kilichokuwa kikifanya kazi hiyo, lakini Nasser angejuaje? Sifa zote alilipa jani la mchunga.

Kliniki walikwenda pamoja, yeye akabaki kwenye benchi la mlangoni. Muuguzi Mercy alimchoma Zakiya kidole, akapima, akatikisa kichwa.

"Mama, damu bado haijafikia kipimo. Kidonge wameza?"

"Nameza."

"Hukosi hata siku moja?"

"Wallahi sikosi."

"Na chakula?"

"Chakula cha kawaida. Wali, na samaki. Siku nyingine mkate wa mofa."

Hakusema uongo. Kuna nani aitaye mboga chakula? Chakula ni wali, na mboga ni ya kuuteremshia. Mercy akaandika, akasema basi tutaongeza dawa kidogo. Nasser akalisikia hilo kutoka kwenye benchi. Wameongeza kupunguza! Siku ile hakungoja kesho. Alipitia Marikiti jua kali akaongeza mafungu.

Ikawa hivyo. Kila hospitali ilipoongeza kidonge, yeye aliongeza mchunga. Kamba ikavutwa ndani ya mwili wa mwanamke mmoja, huku hospitali na huku kikapu, na hakuna aliyejua mwenziwe ni nani upande wa pili.

Siku kamba hiyo ilipokatika, Zakiya alikuwa ameketi akichagua mchele. Alimwita mumewe kwa jambo dogo tu, lakini jina lilitoka limepinda. Nasser alipogeuka aliona ungo umeinama, mchele wamwagika, na mdomo wa mkewe umevutwa upande mmoja, kama mtu anayecheka kwa siri. Jicho moja lilikuwa likimtazama kwa mshangao. La pili lilikuwa halimtazami yeyote.

Daktari aliyempokea aliitwa Kyalo, mtu mpole. Alisema donge la damu limetoka moyoni likapanda kichwani, ni kiharusi. Kisha akauliza, "Mzee, mama alikuwa akila mboga za majani?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Nasser aliona ana jambo jema la kusema. Akamweleza yote: Kadzo, kinu, maji mekundu ya mchicha, mchunga usiokosekana. Kyalo alimwacha amalize.

"Kwa nini lakini, mzee? Nyingi hivyo?"

"Kwa sababu dawa yenu yapunguza damu."

"Yapunguza uzito wa damu," alisema Kyalo, polepole. "Ili isigande kwenye kile kilango. Damu yenyewe haipungui hata tone."

Uzito. Nasser alilitafuta neno hilo nyuma kote alikopita, asilione. Labda hawakulisema. Labda walilisema, akaliangusha mwenyewe njiani.

Kyalo akamweleza kuwa majani yana vitamini iitwayo K, na hiyo ndiyo mwili huitumia kugandisha damu. Kwa mtu mwingine ni neema. Hata mama angeweza kula, mradi kiasi kisibadilike, nao wangeilinganisha dawa na kiasi hicho.

"Mchicha unayo?" aliuliza Nasser.

"Nyingi."

"Kunde je?"

"Pia."

"Kisamvu?"

"Nyingi, mzee."

"Mnavu?"

Kyalo akaitikia kwa kichwa.

"Mchunga lakini? Mchunga si wa shamba, waota wenyewe tu."

"Huo sijaona kipimo chake. Ila jani likikoza rangi, kwa kawaida haikosi."

Nasser aliona yuko kwenye ngazi ile ile aliyopandishwa na Kadzo, sasa ashuka akikanyaga kila kipandio, atafuta kimoja kisicho na hatia. Jani lililokuwa bora ndilo lililozidi kudhuru. Ilibaki kabeji peke yake.

"Basi ni mimi," alisema.

"Sikusema hivyo. Huenda lingetokea tu. Vilango vya chuma vina mambo yao."

Angemwambia ni yeye, pengine ingekuwa nafuu. Hiyo "huenda" ndiyo aliyoondoka nayo.

Walirudi nyumbani, Zakiya amebebwa kwenye kiti. Mkono wa kulia umekufa, ulimi umekufa, na Kyalo hakuahidi kitu. Majirani wakajaa chumbani. Mwanakuu, shoga wa Zakiya tangu chuoni, alimshika Nasser mikono yote miwili.

"Mume kama wewe hatujaona, shemeji. Kila siku kikapu, kila siku kinu."

"Mimi ndiye niliyemlisha, Mwanakuu," alisema Nasser.

"Ndiyo twasema hivyo. Umemlisha."

"Hunifahamu. Mimi ndiye—"

"Twajua, shemeji. Twajua." Na wenziwe wote wakaitikia, wakimwombea Mungu amlipe.

Akaacha. Wageni walipokwisha alikoroga uji mwembamba, akaupoza, akaketi kitandani na kijiko. Zakiya alikuwa macho. Nasser alitaka kumwambia, yeye kwanza kabla ya mtu mwingine, na maneno aliyapanga. Lakini kijiko kilikuwa kimekaribia, na Zakiya hakukitazama kilichomo. Alimtazama yeye, akafungua ule upande wa mdomo uliokuwa ukimtii, akangoja.

Nasser akamlisha.